Kipimo cha haraka hasi, cha maabara chanya: tuamini kipi?

Mkazi wa Ngamiani:
Assalaam alaykum. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, alianza homa na kikohozi Jumatatu hapa Tanga. Jioni hiyohiyo alipimwa UVIKO-19 kwa kipimo cha haraka, jibu likatoka hasi. Alhamisi sampuli yake ilipelekwa maabara kwa kipimo cha PCR, jibu likawa chanya. Kaka yangu anashikilia kuwa vipimo hivi ni bahati nasibu, na hunikumbusha Mei 2020, Rais Magufuli aliposema kwamba sampuli za papai na mbuzi zilitoka chanya. Je, tuamini jibu lipi?

Mtu wa maabara:
Waalaykumu salaam, ndugu yangu, Mungu amjalie mama nafuu. Majibu hayo hayapingani. Kipimo cha haraka hutafuta protini za kirusi, na huziona zikiwa nyingi tu. PCR hurudufisha vinasaba vya kirusi mara nyingi mno, hata vichache vikaonekana. Kwa hiyo jibu hasi la siku ya kwanza lina uzito mdogo. Hata hivyo, PCR huweza kuokota mabaki ya kirusi wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na sampuli moja ikichafua nyingine jibu huharibika. Ndiyo sababu kila awamu ya upimaji huwekewa sampuli tupu, yaani isiyo na kirusi, ambayo lazima isome hasi. Hiyo ikisoma chanya, majibu ya awamu hiyo hayatolewi. (Kuhusu papai, swali langu ni hilo: sampuli tupu ilisomaje?)

Mwalimu wa hesabu, Pangani:
Shirika la Afya Duniani lilitaka kipimo cha haraka kiwatambue angalau wagonjwa 80 kati ya 100, na kiwape jibu sahihi wazima 97 kati ya 100. Chukueni watu 1,000 ambao 10 tu wameambukizwa: kitawapata 8, lakini kitawasingizia wazima wapatao 30. Wagonjwa wakiwa 300, kitawapata 240 na kuwasingizia 21. Kipimo ni kilekile, ila jibu chanya halibebi tena uzito uleule.

Muuguzi:
Msisahau mkono uliochukua sampuli. Kijiti cha pamba kikiishia mlangoni mwa pua, hata PCR inaweza kukosa kirusi kilichomo.

Mkazi wa Ngamiani:
Asanteni sana. Jumatatu mama alikwepesha kichwa, na kijiti hakikuingia hata nusu ya kidole. Kaka amesoma yote haya. Sasa naye anauliza habari ya sampuli tupu.