Mjadala: Kionjo cha tamthilia ni ahadi au ni chambo?

Wakuu, tamthilia ya zamani inaporudishwa kwa sura mpya, wanaoitangaza wana haki ya kutuita kwa jina la mtu ambaye hadithi si yake tena?

Nianze na He-Man, yule shujaa wa katuni. Julai 2021 Netflix ilitoa Masters of the Universe: Revelation, mwendelezo wa katuni iliyoanza 1983. Kionjo kilimwonyesha He-Man kwa fahari zote: upanga juu, adui yake Skeletor mbele yake, na Bonnie Tyler akiimba kwamba anamhitaji shujaa. Sisi tuliokua na katuni ile tukakaa mkao wa kula. Episodi ya kwanza haijaisha, Adam, ambaye ndiye He-Man, amekufa. Hadithi inahamia kwa Teela, rafiki yake wa kike mpiganaji, na katika episodi tano za mwanzo yule tuliyeitwa kumtazama anaonekana kidogo tu.

Kelele zilipoanza, tukaambiwa hatutaki mwanamke aongoze. Wapo wenye chuki hiyo, sikatai, na walituharibia hoja. Lakini mimi Teela nilimpenda. Huzuni yake baada ya kifo kile ndicho kitu bora katika kazi nzima. Wangemtangaza yeye, ningekuja kwa ajili yake. Kilichoniuma ni kwamba hawakuniamini kiasi hicho.

Najua nitajibiwa kwamba kionjo kikisema yote, utamu unaisha. Sawa, siri ya hadithi ni ya mwandishi. Ila kuficha ni jambo moja na kupotosha ni jingine. Unaweza kuficha kifo cha mhusika bila kumfanya yeye ndiye sura ya tangazo zima.

Linganisheni na katuni nyingine, Avatar: The Last Airbender. Mwaka 2018 toleo la waigizaji lilitangazwa kwa majina ya waasisi wake wawili, na majina hayo ndiyo yaliyotutuliza. Mwaka 2020 wakajitoa, na Agosti wakatueleza wenyewe hadharani. Toleo lilipotoka Februari 2024, aliyelitazama alijua waasisi hawamo. Lilinichosha mahali pengi, lakini sikujiona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuna wanaosema twende mahakamani. Marekani walijaribu. Watazamaji wawili waliishtaki kampuni ya filamu ya Universal kwa sababu mwigizaji Ana de Armas alikuwemo kwenye kionjo cha filamu ya Yesterday, kumbe kwenye filamu alikatwa. Kampuni ikajitetea kwamba kionjo ni sanaa. Desemba 2022 jaji akakataa: kionjo ni tangazo la biashara, na sheria ya matangazo ya uongo inaweza kukigusa. Hata hivyo walalamikaji hawakushinda mwishowe.

Na hapo ndipo penye ugumu. Jaji alikuwa anauliza kama mwigizaji yumo au hayumo. He-Man yumo. Kwa kipimo hicho hatukudanganywa hata kidogo, ilhali kila aliyekuwa anamsubiri anajua alivyojisikia.

Mimi natosheka na kidogo. Watuambie wazi kama ni hadithi ile ile, ni mwendelezo, au ni hadithi mpya iliyovaa jina la zamani. Na anayebeba hadithi ndiye abebe tangazo. Mnaoona hata hilo litawafunga mikono waandishi, nielezeni: litawafunga vipi?