Tupeane uzoefu: mahubiri yako ya kwanza ukiwa bado mwanafunzi wa uchungaji

Bwana asifiwe wapendwa. Hivi karibuni vijana wa chuo cha theolojia wanakuja kufanya mazoezi parokiani kwetu Kisumu, na mimi ndiye nimepewa kuwalea. Kuandaa mahubiri wamefundishwa. Ninachotaka wasikie ni yale ambayo mtu huyajua akishasimama mbele za watu.

Naanza mimi. Nilihubiri Kiswahili, mkalimani akafasiri kwa Dholuo. Kasisi wangu alinionya mapema: ukipewa dakika 20, zako ni 10. Na sentensi ifike mwisho kabla hujanyamaza, maana ukimwachia mkalimani nusu, atafasiri nini? Ijumaa jioni nilikaa na yule mama mkalimani tukapitia yote. Kila alipokwama nilijua washarika nao wangekwama hapo hapo, nikabadilisha. Hadi leo, hata ibada ikiwa ya Kiswahili kitupu, lazima nimsomee mtu kwanza.

Wa Dunga
Kwetu Waanglikana masomo ya Jumapili yana mzunguko wa miaka mitatu, kwa hiyo huchagui. Mimi nilikutana na Luka 5, Petro na nyavu, katika kanisa dogo karibu na ufuo wa Dunga. Nami nimelelewa kwenye majani chai Kericho, ziwa silijui! Katikati ya wiki nikashuka ufuoni alfajiri. Wavuvi wa omena, yaani dagaa, walikuwa wanarudi na taa zao, kwa sababu omena huvuliwa usiku kwa mwanga. Mzee mmoja aliyekuwa akisuuza wavu akanieleza kwamba mbalamwezi ikiwaka sana taa hazivuti samaki, mnakesha bure. Kisha akasema, “Mwanangu, mtu akiosha wavu amefunga kazi.” Nikarudi kwenye somo, na kweli, aya ya pili inasema walikuwa wanaosha nyavu zao. Yaani Petro aliambiwa arudi kilindini wakati ameshamaliza kila kitu na mwili umechoka.
Mzee aliniomba pia nisiwaahidi watu mitumbwi kujaa. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa, na nyumba nyingi huishi kwa kukopa dukani. Basi nilihubiri utii wa mtu aliyechoka, nikaacha habari ya utajiri. Nilipotaja wavu uliooshwa, wanaume wa mabenchi ya nyuma waliguna kwa pamoja. Walikuwa wanalijua jambo hilo kuliko mimi.

Kaimosi
Sisi wa Kanisa la Marafiki (Quakers), tangu wamishenari wafike hapa 1902, hatuna ubatizo wa maji wala meza ya mkate na divai. Neno, maombi na ukimya ndiyo ibada. Mwalimu wangu aliniambia: ukimaliza, keti, usiujaze ukimya kwa maneno ya ziada. Ni vigumu kuliko kuhubiri kwenyewe.

Dada wa Nakuru
Nilipangiwa Msamaria Mwema. Nilikuwa nimeandika mfano wa makabila mawili ya hapa kwetu. Mzee wa kanisa alipousikia akaniambia taratibu, “Binti yangu, kwenye benchi moja hapa kuna watu waliozika jamaa zao katika ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008. Simulia alivyosimulia Yesu, kila mtu atamjua Msamaria wake.” Nikafuata ushauri wake. Baada ya ibada, mama mmoja alinishika mkono muda mrefu bila kusema lolote. Vijana, wapeni wazee mahubiri yenu mapema.

Wa Siaya
Mbona hamjataja matanga? Kwetu mwanafunzi huanzia huko, Jumamosi, chini ya hema, wanasiasa wakiwa wameshakula muda wote. Unapewa maikrofoni saa nane, jua kali, kaburi limeshachimbwa. Nenda bomani siku moja kabla. Uliza marehemu aliitwaje nyumbani, alipenda kazi gani, ameacha nani, uandike majina kwenye karatasi. Nilipomtaja nyanya kwa jina ambalo wajukuu wake walimwitia, wale watoto waliokuwa wakicheza kando walikuja wakaketi mbele. Chukua aya moja, sema dakika saba, waombee wafiwa.

Mwanzilishi
Wa Siaya, asante sana, hilo la matanga sikuwa nimelipangia siku kabisa. Nitawapeleka bomani kabla hawajapanda mimbarini. Nani amewahi kuhubiri kwenye mkesha, usiku, watu wakiimba? Tueleze ulianzaje.