Mjadala: Neno "oganiki" liruhusiwe kwenye chupa ya losheni ya jua?

Mwanzisha mada, Kibokoni

Assalaam aleikum jamaa zangu wa Mombasa, na wengine wote habari zenu. Naleta hoja tuijadili waziwazi. Nataka neno "oganiki", na mwenzake "asilia", yaondolewe usoni mwa chupa yoyote ya kukinga jua, isipokuwa mtengenezaji aandike papo hapo ni asilimia ngapi na nani amehakiki.

Binti wa kakangu ana ualbino, ana miaka 9. Mwezi uliopita madrasa yao ilikwenda matembezi ufuoni, Pirates. Losheni anayopewa hospitali ilikuwa imekwisha, nami shangazi mtu nikasema nitanunua nyengine. Dukani nikaonyeshwa chupa ya kijani yenye picha ya mshubiri, imeandikwa "Kinga asilia ya jua, oganiki 100%". Shilingi 1,800. Nikalipa nikiamini nimempatia mtoto kilicho bora. Alasiri alirudi mabega yamewiva, usiku hakulala, asubuhi yake malengelenge. Ndipo nikaivalia miwani ile chupa. Nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi: mafuta ya nazi, mafuta ya mbegu za karoti, mshubiri, manukato. Namba ya SPF, kile kipimo cha nguvu ya kukinga jua, haipo. Kichujio cha jua, yaani kiambato kinachozuia miale, hakipo hata kimoja.

Nimefundisha kemia sekondari miaka 27, na bado nilinunua kwa kusoma neno moja. Hilo ndilo linaloniuma.

Tulitazame basi neno lenyewe. Kwa mkemia, oganiki ni kiunga cha kaboni. Kwa hesabu hiyo petroli ni oganiki, na oksibenzoni, kile kichujio ambacho wauzaji wa "asilia" hututishia nacho, ni oganiki vilevile. Oksidi ya zinki wanayoisifu wao si oganiki, kwa sababu asili yake ni madini. Kwa mkulima, oganiki ni kilimo hai: zao lililolimwa bila mbolea na dawa za viwandani. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha kilimo hai tangu 2007, na nembo yake yaitwa Kilimohai. Kiliandikwa kwa ajili ya shamba, mifugo na mizinga ya nyuki. Zinki hailimwi, wala maji hayalimwi. Sasa losheni ambayo sehemu kubwa ni maji, na kinachokinga ndani yake ni madini, itakuwaje oganiki 100%?

Hata huko zinakotoka chupa hizi neno halina mizani moja. Marekani, FDA, wanaosimamia vipodozi, hawana maana rasmi ya neno hilo. Wizara yao ya kilimo hulikubali kwa bidhaa ambayo viambato vyake vya kilimo hai vimefika 95%, huku California ina sheria yake ya 2003 inayoridhika na 70%. Ulaya, kiwango cha vipodozi kiitwacho COSMOS huhesabu hadi maji, kwa hivyo losheni ya kupakwa yaweza kupita ikiwa 20% tu ya uzito wake wote imetoka kwenye kilimo hai. Na hizo ndizo zenye mkaguzi! Chupa niliyonunua mimi haikuwa na jina la mkaguzi yeyote.

Wala asilimia hizo zote hazisemi lolote kuhusu jua. Nazi ya Msambweni hata ilimwe kwa kilimo hai cha kupigiwa mfano, ikikamuliwa hutoa mafuta yaleyale, na mafuta hayo hayatoshi kumkinga mtoto asiye na melanini, ile rangi ya ngozi inayokinga, kwenye jua la saa sita Mombasa, digrii 4 tu kutoka ikweta.

Mtengenezaji wa singo na mafuta, Bondeni

Mwalimu, pole kwa mtoto, Mungu amponye. Lakini umetupiga sote kwa fimbo moja. Mimi nasaga liwa ya msandali kwa msio, natengeneza singo za maharusi, na mafuta ya nazi napika mwenyewe: nazi nanunua Marikiti, nakuna, nakamua tui, nalikoroga motoni mpaka mafuta yajitenge. Mamangu alifanya hivyo, na bibi yangu. Kibandiko changu kimeandikwa "asilia" kwa sababu ni asilia. Mlitaka niandike nini?

Wewe wataka cheti. Cheti chataka mkaguzi, mkaguzi ataka ada na nauli, nami kwa mwezi natoa chupa 60. Yule wa chupa ya kijani atalipa na ataendelea kuuza. Mimi nitaondolewa kwenye meza yangu, maana kila amri mpya ikitoka, wa kwanza kuguswa ni mwenye meza.

Na msisahau tulikotoka. Krimu za zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku miaka mingi, na bado mtu akizitaka huzipata. Zimeharibu nyuso za dada zetu. Kilichowarudisha wengi kwenye liwa na manjano ni hili neno "asilia". Mkilichafua, mtawarudisha kule.

Mpaka hina, Majengo

Shoga wa Bondeni, nakuheshimu, lakini neno hilo limechafuka zamani, na limechafuliwa ndani ya kazi zetu. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa, kisha hukolea kuwa kahawia nyekundu. Nyeusi haitoi kamwe. Ile "hina nyeusi asilia" ni piko, rangi ya nywele, ndani yake mna kemikali iitwayo PPD, na PPD ndiyo inayowachubua maharusi mikono na kuwaachia makovu yenye umbo la ua lilelile walilochorwa. Nimeona pakiti ya piko imeandikwa "100% mimea". Bi harusi anasoma, ananyoosha mkono. Baada ya hapo, ngozi yake ikishaikataa PPD, hata rangi ya nywele uzeeni itamsumbua.

Na ndimu je? Ndimu ni asilia kuliko chupa zote. Jipake maji yake kisha ukae juani, uone jinsi ngozi itakavyoungua na kuacha madoa meusi ya wiki na wiki.

Mchangiaji, Kisauni

Yakhe, sisi weusi losheni ya jua ya nini? Wazee wetu walivua samaki maisha yao yote bila chupa.

Mwanzisha mada

Kaka wa Kisauni, melanini yako inakukinga kwa kiasi kikubwa, ni kweli. Mpwa wangu hana. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino, na kwao losheni hii ni dawa, ndiyo maana Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huigawa kupitia hospitali. Jirani zetu wa Moshi wanatengeneza yao, Kilisun, pale hospitali ya KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino. Kwa hao, chupa ya uongo ni saratani ya ngozi inayokuja polepole.

Nahodha wa mashua, Bamburi

Mimi nawapeleka wageni kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Siku hizi kila mgeni ana chupa yenye picha ya samaki, "salama kwa matumbawe". Nafurahi kuiona, maana Hawaii imepiga marufuku kuuza losheni zenye vichujio vya oksibenzoni na oktinoksati tangu Januari 2021, na Palau iliwatangulia 2020. Kwa hivyo mwalimu, usiyafagie maneno yote ya namna hii. Mengine yanaisaidia bahari.

Mfamasia, Nyali

Nahodha, hata hilo neno lako halina kiwango kinacholifunga. Geuza chupa, soma viambato. Nimeshika chupa ya samaki na oktinoksati imo ndani. Na matumbawe yetu yaliyokufa 1998 yaliuliwa na joto la bahari, kwa hivyo tusiibebeshe losheni mzigo wote.

Nirudi kwa mada. Sheria mpya siioni haja yake kwa sababu ya zamani inatosha ikitumika. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya habari anazohitaji ili afaidi alichonunua. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kudai bidhaa ina kiambato, sifa au faida isiyokuwa nayo. Chupa ya mwalimu ilidai kinga ambayo haimo. Hapo pana kesi, hata bila kuligusa neno oganiki. Apeleke chupa na risiti KEBS, shirika letu la viwango.

Ninachowaomba wateja wangu ni kuangalia namba. SPF 30 huzuia takriban 97% ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, SPF 50 takriban 98%, lakini mtu awe amepaka kwa wingi na kurudia kila saa mbili, na tena akitoka majini. Najua namba nayo hudanganya. Mwaka 2025 CHOICE, shirika la watumiaji la Australia, lilipima losheni 20, na 16 hazikufikia SPF zilizoandikwa. Moja iliyojitangaza kuwa 50+ ilipata 4. Lakini tazameni ilivyokuwa: ilipimwa, uongo ukaonekana, ikatolewa madukani. "Asilia" utaipima kwa mashine gani?

Mwanzisha mada

Mfamasia, chupa naipeleka Jumatatu, na risiti ninayo. Ila sheria ya malalamiko hunisaidia mtoto akishaungua. Mimi nataka neno lizuiwe kabla.

Dada wa Bondeni, nimekaa na maneno yako tangu jana. Kuhusu cheti una haki, sikuwafikiria wa chupa 60. Nabadilisha hoja yangu: cheti kwa anayeandika oganiki na asilimia, kwa sababu huyo anadai jambo la shamba ambalo mnunuzi hawezi kuliona. Mwenye kuandika "asilia" asidaiwe cheti. Aorodheshe kila kilichomo, kwa herufi zinazosomeka, kwa Kiswahili. Na yeyote anayetaja jua aonyeshe namba iliyopimwa, au asilitaje kabisa. Nikuulize na wewe: kwenye liwa yako umeandika nini?

Mtengenezaji wa singo na mafuta, Bondeni

Nimeandika "hung'arisha, hulainisha, hupunguza jua".

Wangazija hujipaka msandali usoni wakashinda nao juani, na mimi niliokota hapo. Sikuwahi kumpimia mtu. Wala sikuwahi kufikiri kwamba mama mwenye mtoto kama huyo wenu anaweza kusimama mbele ya meza yangu akasoma maneno matatu na kuniamini.

Cheti bado nakikataa, na nitakikataa popote mtakapokaa. Orodha ya vilivyomo naikubali, haina gharama: liwa ya msandali, marashi mawaridi, karafuu. Mikebe iliyobaki mezani ni 11. Nimeirudisha nyumbani leo, "hupunguza jua" naifuta kwa mkono.