Re: Paka wa Mikindani, fomu imerudishwa

Kutoka: Binti Mikindani (Hamburg)

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nimekwama. Paka wa bibi yangu wa Mikindani anatakiwa asafiri nami mpaka Hamburg baada ya wiki mbili. Bibi anahamia Dar kwa mama mdogo na hakuna wa kumwachia. Chanjo ya kichaa cha mbwa alipigwa 14 Machi, chipu ya utambulisho chini ya ngozi akawekewa 17 Machi, damu ya kupima kinga ikatolewa 20 Aprili, majibu 1.8. Jana ofisi imerudisha fomu, tarehe ya chipu wameizungushia kalamu nyekundu, neno halikuandikwa. Halafu kisomaji chao hakikuona chipu. Naomba kujua mawili: tarehe hizi zinarekebishika kwa barua ya daktari? Na Mtwara mjini au Lindi nani ana kisomaji cha kuazima?

---

Kutoka: Kaka Masasi (Rotterdam)

Marahaba mdogo wangu. Barua haitasaidia, na yeyote atakayekushauri kugeuza tarehe usimsikilize, maana karatasi ya maabara ina tarehe zake.

Kwa Umoja wa Ulaya chipu hutangulia, au huwekwa siku ileile kabla ya sindano. Chanjo iliyotangulia chipu inahesabiwa kwamba haipo, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kuwa paka aliyechanjwa tarehe 14 ndiye huyu mwenye namba hii. Chanjo ikianguka, damu nayo imeanguka, hata majibu yangekuwa 10, wakati kinachotakiwa ni kuanzia 0.5. Achanjwe upya, na kibandiko cha chupa ya chanjo chenye namba ya toleo kibandikwe kwenye kitabu chake. Kadi za kampeni za chanjo zilizopita vijijini kwetu nyingi hazina kibandiko wala nafasi ya chipu, msizitegemee.

---

Kutoka: Mama Chikongola (Leicester)

Kaka Masasi, usimtishe mtoto wa watu. Achanjwe leo, asubiri siku 21, apande ndege. Hayo mengine ni kuongeza chumvi.

---

Kutoka: Mjomba Nachingwea (Antwerp)

Mama Chikongola, kwa heshima zote, hapo umepotosha. Siku 21 peke yake ni kwa nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya. Tanzania haimo. Kwetu ni chanjo, kisha siku 30 kamili au zaidi, kisha damu, kisha miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa, siyo tangu majibu yalipotoka. Watu wengi hapo ndipo wanapojikwaa, wanahesabu kutoka tarehe ya barua ya maabara na kupoteza wiki nzima bure.

Mfano, akichanjwa 2 Juni, damu isitoke kabla ya 2 Julai. Itolewe 7 Julai, msikimbilie siku ya 30 yenyewe, maana karani akihesabu tofauti na wewe umerudi mwanzo. Msiichelewe sana pia: paka aliyepata dozi moja tu maishani kinga yake hupanda kwa wiki kadhaa halafu huanza kushuka, na anaweza kukosa hiyo 0.5. Damu ya 7 Julai, safari kuanzia 7 Oktoba.

Kipimo cha kinga ni FAVN au RFFIT (majina ya vipimo viwili vya maabara), na maabara iwe ile iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Wengi wetu damu hupelekwa Onderstepoort, Afrika Kusini, au Nancy, Ufaransa. TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) kituo cha Mtwara waulize kuhusu kutenganisha damu. Kinachopelekwa ni yale maji ya juu ya rangi ya manjano, angalau mililita 1. Kwa paka daktari atoe mililita 2 hadi 3 kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, aiache isimame wima mpaka igande, kisha izungushwe kwenye mashine. Ikitikiswa kwenye bajaji kutoka Mikindani mpaka mjini kabla haijaganda vizuri, chembe nyekundu zinapasuka, maji yanakuwa mekundu na maabara inaweza kuyakataa. Juu ya chupa iandikwe namba ya chipu, tarakimu zote 15. Jina la paka halina maana kwao.

---

Kutoka: Mama Chikongola (Leicester)

Sawa mjomba, nimekosea, nilikuwa na nchi za kwenye orodha kichwani. Ila wa Uingereza wasichanganye: huku damu na miezi 3 ni vilevile, lakini kwa ndege mnyama haingii kama mzigo wa abiria wala kwenye mapaja. Anakuja kama shehena yenye hati yake.

Na niseme jingine. Gesi ya Mnazi Bay inasafiri kwa bomba mpaka Dar, korosho zetu zinapanda meli, lakini mililita moja ya damu ya paka lazima ivuke mipaka ndipo iaminike. Tunayo maabara, tunao madaktari wa mifugo waliosoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine. Kwa nini hakuna maabara yetu kwenye orodha ya zilizoidhinishwa na Ulaya? Kichaa cha mbwa kinaua watoto vijijini, siyo suala la wasafiri tu.

---

Kutoka: Kijana Kilwa (Oslo)

Mama umenena. Lakini tumalizane na cheti kwanza, maana ndicho kinachomwangusha mtu dakika ya mwisho.

Cheti cha afya kinatakiwa kisainiwe ndani ya siku 10 kabla ya kufika. Daktari binafsi akisaini peke yake hakitoshi, lazima mamlaka ya serikali igonge muhuri, na kibali cha kutoa mnyama nchini ni cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Msiingoje wiki ya mwisho kufungua maombi kwenye MIMIS, mfumo wa mtandaoni wa wizara hiyo. Kwenye hizo siku 10 toeni siku 2 za barabara. Mwezi Mei 2024 maji yalikata barabara pale Somanga na kusini nzima ikakaa bila njia; aliyekuwa na cheti mkononi siku hizo kilimfia mkononi. Masika, pandeni ndege Mtwara kwenda Dar, au mgonge muhuri mkiwa mmeshafika Dar.

Wenye mbwa: Norway, Finland, Ireland na Malta wanataka dawa ya minyoo ya tegu yenye prazikwanteli, saa 24 hadi 120 kabla ya kuingia, daktari aandike tarehe na saa. Uingereza pia. Paka haimhusu.

---

Kutoka: Kaka Masasi (Rotterdam)

Nyongeza kwa Kijana. Cheti kinafuata nchi ya kwanza ya Ulaya utakayokanyaga, siyo unakoishi. Ukishukia Amsterdam kwenda Hamburg, ukaguzi ni Amsterdam, na cheti kiwe Kiingereza na Kiholanzi. Ukipitia Istanbul moja kwa moja mpaka Ujerumani, ni Kijerumani na Kiingereza. Kijazwe kwa herufi kubwa. Namba ya chipu ikirukwa tarakimu moja, hakuna kufuta kwa wino mweupe, omba karatasi mpya.

---

Kutoka: Binti Mikindani (Hamburg)

Asanteni sana wote. Nimeahirisha tiketi ya paka. Mimi likizo inaisha, sitaweza kukaa mpaka Oktoba. Mama mdogo anaweza kumleta? Na kile kisomaji, bado natafuta.

---

Kutoka: Mjomba Nachingwea (Antwerp)

Anaweza. Umwandikie idhini yenye saini yako, na safari yako na ya paka zisipishane zaidi ya siku 5 mbele au nyuma. Ikizidi hapo anahesabiwa mzigo wa biashara, na masharti ni mengine kabisa. Kwa hiyo Oktoba itabidi wewe urudi, au usafiri wako upangwe kuzunguka siku hizo.

Kabla ya sindano mpya, apimwe chipu upya. Chipu hutembea chini ya ngozi. Wapimaji wengi hupitisha kifaa kati ya mabega mara moja na kukata tamaa. Kipitishwe polepole, kikigusa manyoya, kuanzia shingoni, mabegani, kwenye miguu yote miwili ya mbele mpaka kwenye viwiko, na betri ziwe mpya. Chipu za zamani za tarakimu 9 au 10 vifaa vingi havizioni. Isipoonekana kabisa awekewe mpya siku hiyohiyo, isomwe, iandikwe, ndipo sindano ifuate.

Na wanaotoka Ulaya na mbwa wao kwenda likizo Lindi: damu ipimwe kabla hujaondoka na majibu yaandikwe kwenye pasipoti yake. Ukifanya hivyo miezi 3 ya kungoja haikuhusu wakati wa kurudi. Chanjo isipitwe na muda hata siku moja, la sivyo kipimo kinakufa.

---

Kutoka: Mama Chikongola (Leicester)

Naomba mnipokee kidogo. Nimesoma "Mikindani" nikaona kabisa ile barabara ya kando ya bahari, maji yamekupwa, paka wamejipanga wakingoja pweza. Huyo paka atakula nini Hamburg jamani.

---

Kutoka: Kaka Masasi (Rotterdam)

Atakula, mama, watamzoesha. Ndiyo maana miezi hii mitano isipotee bure.

Binti, siku ya kukata tiketi ya mama mdogo usibofye tu mtandaoni. Piga simu, omba PETC (mnyama anayesafiri ndani na abiria) iandikwe kwenye nafasi yake. Kila ndege ina idadi yake ya wanyama ndani, na wengi huruhusu kilo 7 au 8 pamoja na mfuko. Akizidi anakuwa AVIH, yaani mnyama wa kwenye chumba cha mizigo, anashuka chini, na hapo ni kizimba kigumu: urefu ni kutoka pua mpaka shina la mkia ukijumlisha nusu ya urefu wa mguu wa mbele mpaka kiwiko, upana ni mara mbili ya mabega, aweze kusimama bila masikio kugusa juu. Bolti za chuma, siyo vibanio vya plastiki. Hewa pande zote nne. Dawa ya usingizi asipewe, huko juu pumzi na mapigo ya moyo hushuka na hakuna wa kumwangalia.

Mfuko wa ndani mnunulie sasa, uwe wazi sebuleni kwa bibi, alale humo. Kwenye mashine ya ukaguzi atatolewa mfukoni na kubebwa mikononi, kwa hiyo azoeshwe mkanda wa kifuani. Paka akichomoka uwanjani Dar kumpata ni kazi. Chakula cha mwisho saa 5 au 6 kabla ya kuruka, maji kidogo kidogo. Chini tandika kitambaa cha kunyonya mkojo, na juu yake kipande cha kanga aliyovaa bibi. Isifuliwe.