Kaka zetu wanataka kuuza nyumba ya marehemu baba Langoni. Sisi dada tuna haki gani?

BintiLangoni

Assalam aleikum ndugu zangu. Nawaandikia nikiwa Malindi, lakini mambo yenyewe yako Lamu. Baba yetu ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na mama bado yuko eda. Ameacha mke, wavulana wawili na sisi wasichana watatu. Hakuacha mengi ila nyumba ya mawe pale Langoni, na hati iko kwa jina lake. Daka la mlangoni, ule ukumbi wa kukaa wageni, bado lipo, na zidaka za ndani, vile vishubaka vya ukutani, hazijaguswa.

Kaka mkubwa ameshapata mnunuzi, mzungu anayetaka kuigeuza nyumba ya wageni, kwa milioni nane. Siku ya hitma, watu hawajamaliza kahawa, alituita dada watatu chumba cha ndani akatoa karatasi aliyochapiwa na dalali: "sisi tuliotia sahihi hapa chini tumeridhia, wala hatuna dai lolote". Kila mmoja apewe laki moja, ya kanga, ndivyo alivyosema. Dada mkubwa alitia sahihi palepale bila kuinua macho. Mdogo wangu akamwangalia dada, naye akatia. Mimi nikasema naomba niende nayo nikaisome. Tangu siku ile simu zangu hazishikwi.

Jambo jingine, boriti za ghorofa ya juu zilipooza, aliyezibadilisha ni mimi, kwa pesa za bajia na mahamri ninazouza hapa Malindi. Ujumbe wa M-Pesa niliomtumia fundi ninao wote.

Mume wangu ananiambia niachane nayo, nisije nikasemwa mjini kwamba nimempeleka kaka korti. Sitaki ugomvi na ndugu zangu. Nataka kujua changu ni kipi, na nianzie wapi.

Mzee wa Mkomani

Poleni kwa msiba, mwanangu. Ushauri wangu, kaeni kikao na wazee wa pande zote mbili. Korti ikishaingia katikati ya ndugu haitoki. Mama zetu walikuwa wakiwaachia kaka zao, na si kwa ujinga. Mwanamke akiachika usiku huu, atarudi wapi? Kwa kaka yake. Usijifungie mlango huo kwa ajili ya pesa zitakazokwisha.

Mama Rukia

Mzee wangu, shikamoo. Kikao cha wazee nakiunga mkono, na ningekuwa Lamu ningemsindikiza mwenyewe. Ila hapo pa kurudi kwa kaka, niruhusu nikuulize: atarudi nyumba ipi, nayo imeshauzwa? Ile desturi ya dada kumwachia kaka ilikuwa na maana nyumba ikibaki nyumba ya ukoo, na chumba cha dada kikajulikana. Hapa kinachogawanywa ni pesa taslimu, zitatiwa benki kwa jina la mtu mmoja, na dada mlango wa kurudia haupo tena.

Binti, mimi kazi yangu ni kuchapa nyaraka karibu na korti hapa Malindi. Kina mama wanaokuja mezani kwangu na kesi kama yako ni wengi, na karibu wote huanza na maneno mamoja: "sitaki ugomvi". Nakuelewa. Lakini kwanza jua hesabu, maana mtu hawezi kusamehe kitu asichokijua.

Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, hazikuacha nafasi ya kubahatisha. Kwanza zinatoka gharama za maziko, madeni na wasia, kama upo. Na katika madeni muulizeni mama kama mahari yake ilibaki, kwa sababu mahari ambayo haikulipwa ni deni juu ya marehemu, na wengi huisahau. Kinachosalia, mjane mwenye watoto ana thumni, yaani moja ya nane. Saba ya nane zilizobaki ni za watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Nyinyi mko wavulana wawili na wasichana watatu, jumla mafungu saba. Kwa hiyo kila msichana anapata moja ya nane kamili, na kila mvulana mbili ya nane. Kwa bei hiyo ya milioni nane, kabla ya madeni, fungu lako ni milioni moja. La mama pia ni milioni moja. Nyinyi mmewekewa laki moja moja mezani, na mama hata sikusikia akitajwa.

Kuna watu watasoma hapa waseme kwani kwa nini nusu, Katiba ya 2010 si inasema mwanamke na mwanamume ni sawa? Inasema, ibara ya 27. Na ibara ya 24 inaruhusu sharia itumike kwa Waislamu mbele ya kadhi katika ndoa, talaka na mirathi. Mjadala huo ni halali na wanawake wa Kiislamu wenyewe wanaufanya. Mimi kinachoniuma ni kwamba tunabishana nusu au sawa, na huku mwanamke wa pwani hiyo nusu yenyewe haioni. Inaliwa siku ya hitma, kwa haya, kwa muhali, kwa kuogopa kuitwa mwenye tamaa. Aliyemnyima si sharia.

Na wazee wetu wa Lamu hawakuwa hivi. Mtu wa Mkomani au Langoni mwenye uwezo, binti yake akifika kuolewa, alimpa nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya yake, au akajenga wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia, ili binti awe na chumba chake na bado awe karibu na mama yake. Mume ndiye aliyehamia. Hiyo ilikuwa hiba, yaani zawadi, imetolewa baba akiwa hai na ikapokewa, na katika hiba baba ana ruhusa ya kuwapa watoto wake sawasawa. Wazazi mnaosoma hapa na bado mna nguvu zenu, fikirieni hilo leo, na mliandike.

Sasa pa kuanzia. Nyumba iko kwa jina la marehemu, kwa hiyo kaka hawezi kumhamishia mnunuzi mpaka mirathi ipite kortini. Sahihi zenu kwenye karatasi ya dalali hazitoshi. Kuuza au kugawa mali ya marehemu bila idhini ni kosa, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwambie kaka kwa upole, pengine halijui hilo.

Chukua cheti cha kifo, nakala ya hati, vitambulisho, na barua ya chifu inayowataja warithi wote. Nasisitiza wote, isome jina kwa jina kabla hujaondoka ofisini, maana nimeshaona barua zilizoandikwa wavulana peke yao. Fanya sachi, yaani ukaguzi wa hati, kwenye ofisi ya ardhi, kisha weka zuio, hiyo wanayoiita kosheni, ili nyumba isihamishwe kimyakimya. Halafu fungua ombi kwa Kadhi wa Lamu, atangaze warithi na mafungu yao. Kadhi anasikiliza pale pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka yake, ndivyo ibara ya 170 inavyosema. Kaka akikataa kufika kwa kadhi, unakwenda Mahakama Kuu, na huko pia mirathi ya Mwislamu inagawanywa kwa sharia. Kama wakili ni ghali, FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa na husaidia wanawake wasio na uwezo.

Boriti ulizonunua: peleka ule ujumbe wa M-Pesa. Kadhi atataka kujua ulimkopesha baba au ulimsaidia kama mwana. Sema kweli ilivyo.

Kijana wa Shela

Kwetu tulipouza, wakili wa mnunuzi ndiye aliyekataa kuendelea mpaka aone karatasi ya kadhi, na dada zangu wakapata mafungu yao kwa hundi, kila mmoja kwa jina lake. Hakuna undugu uliovunjika. Bado tunafuturu pamoja Ramadhani. Pia mwambieni huyo kaka, mgeni asiye raia hapati ardhi ya milele Kenya, ni ukodishaji wa miaka isiyozidi 99, ibara ya 65. Dalali akiwaambia vingine, mwogopeni.

Na kama mna uwezo, mmoja wenu awanunue wengine. Nyumba za mawe zinazidi kuondoka mikononi mwetu.

BintiLangoni

Mama Rukia, Mungu akulipe. Nimesoma nikalia. Mume wangu nimemsomea pale pa milioni moja, amenyamaza, halafu akasema atanisindikiza mpaka Mokowe, tuvuke na boti pamoja. Maswali mawili tu. Dada zangu walioshatia sahihi wamepoteza? Na mama akiwa eda anaweza kufika kwa kadhi?

Mama Rukia

Hawajapoteza. Mrithi anaweza kumwachia mwenzake fungu lake, lakini awe analijua ni kiasi gani na awe ameridhia kwa moyo wake. Hawa walitiwa kalamu mkononi watu wakiwa ukumbini, hawajui kwamba ni milioni moja. Wamweleze kadhi hivyohivyo. Na wakishajua wakataka kumwachia kaka, basi ni zawadi yao kweli, na wewe usiwazuie.

Mama asikimbizwe. Kwa jambo la lazima mwenye eda hutoka mchana akarudi kulala kwake, lakini nenda kwanza kwa karani wa kadhi umuulize kama kesi inaweza kupangiwa tarehe baada ya ile miezi minne na siku kumi. Kosheni isingoje. Hiyo iweke wiki hii.