Vijana wanaacha kazi kabla mwaka haujaisha: wanangojea nini kwetu?

Sola_Kampemba

Jambo wapendwa. Tuna kampuni ndogo ya kufunga sola hapa Lubumbashi. Mafundi wengi hawajafika miaka 27, wametoka shule za ufundi au wamemaliza graduat (diploma ya chuo) ya umeme. Wanashika kazi haraka, lakini hawakai. Kijana anatuma ujumbe kwa WhatsApp Jumapili usiku, Jumatatu haonekani. Wapo wanaokimbilia sous-traitance (kampuni zinazofanyia kazi migodi kwa mkataba) za Kolwezi, na hao ninawaelewa. Wengine lakini wanaenda mahali panapolipa sawasawa na sisi, na hapo ndipo ninapokwama.

Mshahara tunapatana kwa dola, tunalipa kwa franga kupitia simu. Kontra tunaandika baada ya miezi sita, mtu akishaonekana kwamba anafaa. Asubuhi tunaanza saa moja na nusu, jioni tunafunga shantie (kazi ya mahali pa mteja) ikiisha. Wakubwa wa biro wanasema hiki ni kizazi kisichovumilia. Mimi sitaki kuishia kwenye maneno hayo. Ninyi mnaoongoza vijana, wanangojea nini hasa, na mtu anaanzia wapi kurekebisha?

Mama_RH

Ndugu, anzia kwenye karatasi. Kijana anayefanya kazi miezi sita bila kontra anajiona mgeni ndani ya kampuni, na mgeni haagi kwa barua. Hapo ujumbe wa Jumapili usiku unapata maelezo yake.

Tena karatasi hiyo inakulinda wewe kwanza. Code du travail, sheria ya kazi ya Kongo (namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016) inataka kipindi cha majaribio kiwe kwa maandishi. Kontra isiyoandikwa inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo yule unayedhani bado unamjaribu, sheria inaweza kumwona ameshaajiriwa moja kwa moja.

Kurasa mbili zinatosha. Andika cheo na kazi yenyewe (si "kazi zote atakazopewa"), ngazi ya mshahara, tarehe ya kulipa, saa za kazi, muda wa majaribio, likizo, na siku za kuaga. Asaini siku ya kwanza, abaki na nakala yake. Kwenye likizo, sheria inataka angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili kwa mwenye miaka 18 au zaidi, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano ya kukaa kazini. Kwenye kuaga, ukimwondoa wewe ni siku 14 za kazi, pamoja na 7 kwa kila mwaka kamili aliomaliza. Akiondoka yeye ni nusu ya hizo. Vijana wengi hawazijui siku hizo kwa sababu hakuna aliyewaonyesha.

Sasa dola na franga. Hapa ndipo uaminifu unapovuja kila mwezi. Mmepatana dola, mnalipa franga, je, kwa kiwango cha siku gani? Cha Banque Centrale au cha wabadilishaji wa barabarani? Usipoandika, kijana anakipiga hesabu mwenyewe kwenye simu na kila mara anakuta pengo. Sheria inataka mshahara utajwe kwa pesa halali ya nchi, kwa hiyo weka kiasi cha franga ndani ya kontra, kisha kifungu cha kukirekebisha kila miezi mitatu kufuata kiwango cha Banque Centrale cha tarehe mnayokubaliana. Ada ya kutoa pesa kwenye simu nayo iandikwe ni ya nani. Inaonekana ndogo, lakini inarudi kila mwezi, na kila mwezi inamkumbusha kwamba mshahara aliopokea si ule mliopatana.

Pamoja na malipo, mpe fishi ya mshahara (karatasi ya hesabu yake). Ni lazima kisheria, na kijana anataka kuona CNSS yake (mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii): 5% inatoka kwake, 13% inatoka kwako. Kwa mshahara wa franga 585 000 hiyo ni 29 250 kwake na 76 050 kwako. Ukikata bila kupeleka, atajua siku atakapouliza namba yake kule CNSS, na siku hiyo kikosi kizima kitajua.

Delege_Likasi

Ninaunga mkono, ila yaya (dada yangu), kuhusu miezi sita tuwe makini. Miezi sita ni dari, tena ni ya wenye ujuzi. Kwa kibarua asiye na ufundi maalum mwisho ni mwezi mmoja. Na hata kwa fundi, majaribio hayapaswi kupita muda unaohitajika kweli kumpima. Fundi wa sola anajulikana ndani ya wiki chache: mpe paa moja, inverta moja, mteja mmoja mgumu.

Kama unachukua vibarua wa siku kwa siku, angalia pia hili. Aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, anahesabiwa ameajiriwa kwa muda usio na kikomo. Wengi wanaangukia hapo bila kujua.

Swali lako lina sentensi moja inayofukuza watu kuliko zote: "jioni tunafunga shantie ikiisha." Sheria inasema saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki zisipitwe bila nyongeza. Saa sita za kwanza za ziada katika wiki zinaongezwa 30%, zinazofuata 60%, na siku ya mapumziko au sikukuu 100%. Tuchukue huyo wa 585 000. Saa 45 kwa wiki ni kama saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo saa moja ni franga 3 000. Wiki akizidisha saa 8: sita kwa 3 900 ni 23 400, mbili kwa 4 800 ni 9 600, jumla 33 000. Wiki nne za namna hiyo ni 132 000. Mkilipa "sawa" na jirani lakini jirani anafunga saa kumi na nusu, hamlipi sawa. Hilo ndilo jibu la pale ulipokwama.

Kijana wa leo anapima muda wake kwa sababu ana matumizi nao. Jioni ana kozi, ana kwaya, ana biashara ndogo ya simu, ana wadogo wa kulipia minerval (ada ya shule). Weka daftari la saa pale shantie, kila mtu asaini akiingia na akitoka, na chef wa kikosi asaini chini. Daftari hilo litakuonyesha pia mpangilio unapoharibikia: mara nyingi saa zinapotea asubuhi kungojea gari na kebo zilizosahauliwa dipo, halafu vijana ndio wanaozilipa jioni.

ChefChantier_Ruashi

Wenzangu wamesema ya sheria vizuri. Mimi ninaongeza ya paani, kwa sababu kijana anaweza kuwa na kontra safi na bado akaondoka.

Kwanza usalama. Paneli haizimiki, jua likiipiga, umeme upo. Paneli moja ina volti kama 40 hadi 50 bila mzigo, kumi kwa mfululizo ni 400 hadi 500, tena umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri), ambao cheche yake haikatiki kirahisi. Anayefungua MC4 (kiunganishi cha kebo za paneli) wakati mzigo unavuta anaweza kuungua mikono na uso. Hawa vijana wamesoma mambo haya, na wameona video zake. Ukimpandisha paani bila mkanda wa usalama na kamba, na multimeta ya soko isiyostahimili volti hizo, anaelewa unamthamini kiasi gani. Kwa kila mtu anayepanda: mkanda, glavu za kuzuia umeme, miwani, viatu visivyoteleza. Kwa kila kikosi: multimeta ya CAT III 1000 V (daraja la usalama linalostahimili volti hizo), koleo halisi la kubana MC4 (si pulaizi!), na swichi ya DC inayofungwa kwa kufuli. Kifaa kikichakaa, kibadilishwe na kampuni. Kukata mshahara wa kijana kwa sababu koleo limechoka ni njia ya haraka ya kumpoteza.

Pili, ngazi. Nadhani hili ndilo wanalolitaka kuliko yote baada ya mshahara: kujua mwaka kesho watakuwa nani. Weka ngazi tatu, usizidishe. Wa kwanza anafunga reli na kuvuta kebo. Wa pili anabana MC4, anapima volti na polariti za kila mfululizo kabla ya kuunga, anapima waya wa ardhi (earth). Wa tatu anawasha inverta, anapanga mipaka ya kuchaji kulingana na betri (lithiamu na ya risasi hazipangwi sawa), anaandika ripoti na kumkabidhi mteja. Kila ngazi na mshahara wake ulioandikwa, na mtihani wa vitendo mara mbili kwa mwaka, tarehe zibandikwe ukutani.

Inapoharibika ni pawili. Patroni anaahirisha mtihani kwa sababu kazi ni nyingi; baada ya mara mbili hakuna anayeamini tena ngazi. Au mtoto wa ndugu anarukishwa. Hapo usijitetee, umeshaivunja.

Mafunzo usiyaogope kwamba akijua ataondoka. Kampuni ya ukubwa wako inalipa INPP (taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi) 3% ya mishahara. Omba wakufundishie watu, kwa sababu pesa yako iko pale tayari. Cheti kiwe cha jina lake, akiweke nyumbani.

Tatu, namna ya kusema. Kosa la kazi lirekebishwe palepale, lakini si mbele ya mteja wala kwa matusi. Kijana akiuliza "kwa nini tunatumia kebo ya 6 mm² hapa na si 4?", asionekane anadharau wakubwa. Mjibu: umbali na upotevu wa volti. Aliyejibiwa atakuonyesha kosa siku nyingine kabla mteja hajaliona.

Sola_Kampemba

Asanteni sana, hasa hesabu ya saa. Nimeona tunapokosea. Lakini yote kwa mara moja siwezi, keshi ni ndogo. Kipi kwanza? Na hawa walioondoka, je, kuna maana kuwauliza?

Mama_RH

Kwanza yasiyogharimu karibu kitu: kontra kwa wote mwezi huu, tarehe moja ya mshahara isiyosogea, daftari la saa, na programu ya kesho itoke kabla ya saa kumi na moja jioni. Msitume tena kazi kwenye grupu ya WhatsApp saa tatu usiku, halafu asubuhi mnauliza nani hakusoma. Na kama mnadai picha za kila shantie, mega za kuzituma zitoke kwenu.

Mwezi wa pili, mikanda na glavu. Hizo usizisogeze zaidi, hata kama ni kuahirisha gari. Wa tatu, saa za ziada zilipwe, na bei mnazompa mteja zibebe gharama hiyo. Ngazi ziandikwe ndani ya miezi sita, pamoja na vijana wenyewe mezani.

Kwa shantie za Likasi au Kasumbalesa, pesa ya chakula na kulala itolewe kabla ya gari kuondoka. Kijana hapaswi kukopa ili akufanyie kazi.

Walioondoka, ndiyo, waulize, lakini asiulize aliyekuwa bosi wao wa moja kwa moja. Maswali mawili: ni siku gani ulianza kutafuta kwingine, na kulitokea nini wiki ile? "Kwa nini uliondoka" watakujibu kwa heshima tu, watasema mshahara. Kabla ya kupiga simu lakini, hakikisha kila mmoja amelipwa siku zake za mwisho na amepewa cheti cha kazi. Wengi wanaondoka kimyakimya kwa kuogopa kwamba wakiaga, mshahara wa mwisho utazuiliwa. Walio ndani wanaangalia unavyowatendea walio nje.

Delege_Likasi

Na wale wa "staji" usiwasahau, kama mnao. Staji iwe na karatasi ya shule, tarehe ya mwisho, na mtu wa kumfundisha. Anayefunga paneli peke yake kwa mteja anayelipa si mstajieri tena, mwandikie kontra.