Saa mbili usiku nyota kali kama sindano, saa nne zimevimba. Naomba ushauri

Mwl_Kibosho
Habari za usiku wakuu. Nahitaji msaada wa wanaopiga picha za anga. Nina darubini ya Newton, kioo cha milimita 200, urefu wa fokasi milimita 1000, bomba la chuma, kamera ya Canon imefungwa ubavuni. Napigia uani kwangu Kibosho, juu ya Moshi. Juzi nililenga nebula ya Jabari, lile wingu la gesi kwenye kundi la nyota la Jabari (Orion). Saa mbili usiku nilifokasi kwa Shira, ile nyota angavu kuliko zote (Sirius), nikakaza skrubu, nikaanza picha za sekunde 60 mfululizo. Za mwanzo safi kabisa. Nikaingia ndani kula na kusahihisha madaftari. Natoka kabla ya saa nne ili nigeuze darubini upande wa pili Jabari akifika utosini, nakuta nyota zimevimba kama punje za mahindi yaliyolowekwa. Sijagusa kitu, na wingu halikuwepo hata moja. Picha hii nataka niibandike darasani kwa wanafunzi wangu wa fizikia, na usiku safi kama ule Januari hii nimeupata mara mbili tu. Tatizo ni nini?

Kaka_UsaRiver
Pole sana mwalimu. Huo ni umande. Huku kwetu kile kioo kidogo cha mbele kinalowa mpaka unaweza kukiandikia kwa kidole. Tafuta mkanda wa kupasha joto unaotumia pawabenki, ukizungushie.

Fundi_Ngaramtoni
Umande unawezekana, ila kabla hajatoa hela tuulize picha zenyewe. Mwalimu, fungua picha ya mwisho, vuta karibu nyota moja kubwa. Vile vyuma vinne vinavyoshika kioo kidogo ndivyo vinavyochora miale minne kwenye nyota. Kama ni umande, miale hufifia na nyota huzungukwa na ukungu. Kama ni fokasi, kila mwale hupasuka ukawa miwili sambamba. Unaona nini?

Mwl_Kibosho
Nimezifungua sasa hivi. Picha ya kwanza, mwale mmoja mmoja, mwembamba. Ya 50 umenenepa. Ya 105 ni miwili kabisa, kuna kamstari keusi katikati.

Fundi_Ngaramtoni
Basi ni fokasi, na kwa vile imekuja polepole, wa kwanza kushukiwa ni baridi. Kamera ingekuwa imeteleza ungeona picha moja nzuri na inayofuata mbovu.

Hesabu yake ni hii. Chuma cha urefu wa mita moja hupungua mikroni 12 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kinapopoa kwa nyuzi moja, na kutoka kioo kikubwa hadi kamera njia ya mwanga kwako ni kama mita hiyo hiyo. Joto likishuka nyuzi 8 usiku kucha, umepoteza karibu mikroni 100, yaani unene wa karatasi moja ya fotokopi. Utasema karatasi moja ni nini? Ni nyingi mno. Darubini yako ni f/5, yaani urefu wa fokasi ni mara tano ya upana wa kioo, na kwa f/5 eneo ambalo nyota hubaki kali lina kina cha mikroni 67 hivi, 33 mbele na 33 nyuma ya pale ulipofokasi. Nyuzi tatu tu zinatosha kukutoa. Na hapo Kibosho usiku ile hewa baridi inateremka kutoka mlimani.

Nuru_Moshi
Mwalimu, mchana darubini unaiweka wapi?

Mwl_Kibosho
Chumba cha nje dada, kile cha bati. Naitoa saa moja na nusu.

Nuru_Moshi
Hapo ndipo penye shida kubwa kuliko unavyodhani. Bati limepigwa jua kutwa, kioo kinene kimeshiba joto. Saa mbili unafokasi darubini ambayo bado inapoa, halafu unaikazia hapo hapo. Itoe saa kumi na moja jioni, iweke kivulini, mdomo wake umefunikwa kitambaa chepesi.

Fundi_Ngaramtoni
Dada Nuru amemaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine: kata barakoa ya Bahtinov, kifuniko chenye mipasuo cha kusaidia kufokasi, kwenye jalada gumu la faili, michoro yake iko bure mtandaoni. Ukiiweka mdomoni mwa darubini, nyota angavu inatoa miale mitatu, na wa kati ukikaa katikati kabisa ya ile miwili inayopishana, umefokasi. Funga kipimajoto kwenye bomba. Kila kikishuka nyuzi mbili, simamisha, rudi kwa Shira, rekebisha, endelea. Mota ya kufokasi ukija kuinunua, programu ya kompyuta ya N.I.N.A. ni ya bure na itakufanyia hayo yenyewe, ila mkono unatosha kwa kuanzia.

Mwl_Kibosho
Narudi na majibu. Jana niliitoa mapema kama dada alivyosema. Saa mbili kipimajoto kilisoma 22, saa nne 19, saa sita 17. Nimefokasi upya mara tatu, na kila mara nililazimika kuitoa kamera nje kidogo, haikuwahi kwenda ndani. Hadi saa sita miale haijapasuka! Lakini kuna moja halikunyooka: saa nne, Jabari alipofika utosini nikageuza darubini upande wa pili, fokasi iliruka ghafla ingawa joto lilikuwa lile lile.

Fundi_Ngaramtoni
Kutoka nje ndiyo sawa, bomba likifupika mwanga unakutana mbali zaidi. Huo mruko ni uzito wa kamera. Ukigeuza, kamera inaning'inia upande mwingine na kile kibomba kinachoibeba kinalegea. Tena ile skrubu unayokaza baada ya kufokasi nayo inakisukuma. Kaza kwanza nusu, fokasi, malizia kukaza, halafu rudisha barakoa uhakikishe. Na kila ukigeuza, fokasi upya bila kutazama kipimajoto.

Mwl_Kibosho
Kumbe! Siku zote nilikuwa nakaza na kuvua barakoa papo hapo. Naijaribu leo, saa kumi na moja darubini itakuwa chini ya mparachichi.

Kaka_UsaRiver
Ukimaliza ituwekee hapa mwalimu, tuione kabla ya wanafunzi.